Mwewe Saba wa Waheshimiwa

Haya ninayoyaeleza ni kweli tupu, hayana chumvi hata ya kutia kwenye yai. Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki, na kwa pensheni yangu ambayo ni haba kuliko meno hayo. Asiyeamini na aende Al Qusais, Dubai, aulize jengo lililo nyuma ya msikiti, ghorofa ya tatu. Akikuta jengo limevunjwa, basi amechelewa yeye, kosa si langu.

Mwezi wa Novemba, mwaka elfu mbili na kumi na saba, Fridah, waziri mteule wa fedha wa kaunti moja ya bara huko Kenya, alikuwa amesimama kwenye foleni ya bafu, taulo begani na ndoo mkononi.

"Waziri," alimwita Sikujua, mwanamke wa Tanga, mpishi wa mkahawa, aliyekuwa mbele yake, "bajeti ya maji ya moto imesomwa?"

"Niache, Sikujua. Mimi bado hata sijapigwa msasa na bunge."

"Si ndiyo unaingia kupigwa sasa? Sabuni unayo?"

Fridah alicheka, lakini kicheko chenyewe kilichechemea. Wiki iliyotangulia gavana mpya wa kwao alikuwa amempigia simu. Gavana huyo zamani alikuwa mhandisi wa manispaa, na Fridah ndiye karani wa mapato aliyemkatalia kutia saini karatasi ya petroli ya gari la mkewe. "Nimekusaka mpaka Dubai," gavana alisema. "Aliyenikatalia mimi ataweza kuwakatalia wengine." Jina likatangazwa redioni. Fridah, kwa furaha, akaandika barua ya kuacha kazi katika kampuni ya mizigo pale eneo huru la uwanja wa ndege, alikokuwa karani wa stoo kwa miaka mitano. Kampuni ikaifuta viza yake siku ileile, kwa haraka ambayo haikuwahi kuionyesha kwenye kulipa ovataimu. Akabakiwa na siku thelathini za kuwa nchini.

Ndipo akakumbushwa kwamba gavana hupendekeza tu. Wenye kuidhinisha ni kamati ya uteuzi ya bunge la kaunti, wajumbe saba, nao wangemhoji Jumanne ya mwisho wa mwezi. Wakimkataa, kule hana kazi na huku hana kazi. Watoto wawili walikuwa shule ya bweni kwa mshahara wake, maana mshahara wa mumewe, Nick, mlinzi wa jengo la maduka, uliishia kwenye kodi ya chumba na nauli ya metro.

Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Samuel, alipiga simu Fridah akiwa bado na povu sikioni.

"Madam Fridah! Usikimbilie kuja nyumbani. Sisi ndio tunakuja huko."

"Kunihoji, Mheshimiwa?"

"La, la. Ziara ya mafunzo. Tunakuja kujifunza mambo ya mabwawa."

"Kamati ya uteuzi?"

"Elimu haina mwisho, Madam. Tunafika Jumapili. Utatupokea."

Kaunti yenyewe ilikuwa na mto mmoja, nao ulikuwa wa msimu.

Walifika wote saba, kila mmoja na begi moja jepesi. Ndani ya begi hilo mlikuwa na begi jingine tupu, na ndani ya hilo jingine, kama kitunguu. Fridah alielewa palepale kwamba mafunzo yangekuwa mazito.

Kwa siku nne aliwazungusha masoko ya Deira. Samuel alitangulia, mikono nyuma, akichagua. Fridah alifuata na mifuko. "Waziri, shika hii. Waziri, uliza bei. Waziri, mwambie huyu apunguze, mwambie mimi ni mtu mkubwa kwetu." Katika duka la manukato mwenye duka alimtazama Fridah alivyojaa mizigo mpaka kidevuni, akamuuliza Samuel kwa Kiingereza kama huyo ni mfanyakazi wake wa nyumbani, na kama anajua kupiga pasi. Fridah alingoja mwenyekiti asahihishe.

"Anajifunza," alijibu Samuel, akanusa chupa nyingine.

Mjumbe mmoja tu, Mheshimiwa Dorah, mama mwenye mwili na maneno, ndiye aliyebeba mfuko wake mwenyewe. "Mimi nilikuwa nauza viazi sokoni," alimwambia Fridah. "Begani pangu panawasha nikitembea mikono mitupu."

Lakini hata Dorah alikuwa na siri. Kila mjumbe, kwa wakati wake, alitoroka. Mmoja alisema anakwenda kuonwa na daktari wa meno. Mwingine, Mkatoliki wa kubatizwa, alisema anawahi sala ya alasiri. Kila aliyerudi alikuwa na kitu kilichofungwa gazetini, na kila mmoja alimvuta Fridah pembeni akamnong'oneza: "Madam, nitafutie kago ya kusafirisha mizigo yangu peke yangu. Hawa wenzangu wana macho."

Siku ya tano walikodi gari, wakaenda Hatta kuliona bwawa. Wallahi walikaa dakika kumi na mbili. Walipiga picha wakinyooshea maji vidole, Samuel akauliza kama bwawa lina Waifai, wakarudi garini.

"Ripoti utaiandika wewe, Waziri," alisema Samuel milima ilipoanza kubaki nyuma. "Kurasa ishirini. Weka na mapendekezo."

"Sawa, Mheshimiwa."

"Na jambo jingine." Alishusha sauti kwa namna ya kuwasikilizisha wote. "Ijumaa tutakuja kwako kukusalimia. Kamati haiendi kwa mtu ikaondoka mikono mitupu. Wewe ni mtu wa hesabu, utajua hesabu yake. Jumanne si mbali."

Fridah akasema, "Ijumaa njooni na mizigo yote. Shughuli ya kago niachieni mimi."

Gari zima likapumua. Samuel akampigapiga begani. "Sasa unaongea kama waziri," alisema. Wote walielewa kwamba mama wa watu ataigharamia.

"Utailipia kweli?" aliuliza Nick jioni hiyo. Alikuwa ametoka zamu ya saa kumi na mbili, amekaa ukingoni mwa kitanda, anaivua soksi kama anayebandua plasta.

"Silipi hata dirhamu."

"Lakini wao wanajua unalipa."

"Wanavyojua ni juu yao. Mimi nimesema waniachie shughuli."

Nick akasema polepole, "Fridah, kiinua mgongo chako ni dirhamu elfu kumi na moja na mia nne. Toa elfu saba, elfu moja kila kichwa, uwe waziri. Ukishaingia utarudisha."

"Nitarudisha kutoka wapi?"

"Si kutoka..." Nick aliishia hapo, kwa sababu aliona mkewe anamtazama, na alijua sentensi hiyo inaelekea wapi.

"Malizia, mume wangu."

"Mimi sisemi uibe! Nasema una siku kumi na sita kwenye nchi hii. Mimi nasimama mlangoni pa duka la viatu, mtu mzima ananiambia nimfungulie mlango nao unajifungua wenyewe. Nimechoka. Nilipowaambia wenzangu mke wangu ni waziri, msimamizi aliniuliza, sasa mbona wewe uko hapa? Ukikataliwa nitamjibu nini?"

Upande wa pili wa ubao uliogawa chumba, Sikujua alikohoa kuwakumbusha kwamba yupo, na pia kwamba hajali.

"Shemeji Nick," alisema kupitia ubao, "mtu akinunua kiti, aliyemuuzia hurudi kila mwezi kudai na pesa ya mto."

"Sikujua, lala!"

"Nilale vipi na nyie mnasoma bajeti?"

Fridah alicheka, akalia kidogo, kisha akamshika mumewe mkono. "Ile pesa ni ada ya watoto ya mwaka mzima, nikikataliwa. Nikiitoa halafu bado wakanikataa, je?"

Nick alizikunja soksi zake vizuri, moja juu ya nyingine, akaziweka chini ya mto.

Ijumaa, baada ya sala, lifti ya jengo ilikuwa imekufa tena. Waheshimiwa walipanda ghorofa tatu kwa miguu, mabegi mgongoni, wakitweta kiasi kwamba majirani Wahindi wa Kerala walifungua milango wakidhani kuna anayehamia. Samuel alisimama kizingitini, akakitazama kitanda, jiko dogo, nguo zilizoanikwa kwenye kamba.

"Hapa ndipo anapoishi waziri wa fedha?"

"Upande huu wa ubao," alisema Fridah. "Ule mwingine ni wa Sikujua."

"Karibuni!" ubao ulijibu.

Walibanana kitandani, wengine kwenye masanduku. Mwenyekiti alipewa kiti cha heshima, yaani ndoo iliyogeuzwa na kutandikwa khanga. Chai ikaja na maandazi. Samuel alikula matatu huku macho yakimtafutia Fridah bahasha: chini ya sinia, nyuma ya chupa ya chai, kifuani kwake. Nick alisimama mlangoni kama yuko kazini.

Fridah alipoinuka, wote walikaa sawa. Akavuta kitu kutoka chini ya kitanda. Kilikuwa mizani ya stoo, bapa, ya chuma, aliyoazimwa na msimamizi wake wa zamani.

"Hiyo ya nini?" aliuliza Samuel.

"Ya mizigo, Mheshimiwa."

"Si tulikuachia wewe uishughulikie?"

"Ndiyo naishughulikia. Kila mmoja wenu ameniomba kago yake peke yake. Mkienda hivyo, mtalipa ada ya karatasi mara saba, na kila mtu atatozwa kilo mia hata kama anazo hamsini, ndio utaratibu wao. Mkifanya mzigo mmoja, ni karatasi moja na kilo zenu za kweli. Nusu ya pesa inabaki mfukoni mwenu. Ila mzigo mmoja unataka orodha moja. Kila kitu kinaandikwa, na bei yake, na mwenyewe. Mabegi yafunguliwe hapa, mbele ya wote."

Chumba kilinyamaza. Kimya chenyewe ungekiweka kwenye mizani ile kingevuka kilo mia.

"Mbele ya wote?" alisema mmoja kwa unyonge.

"Ushirikishaji wa umma, Mheshimiwa. Si sheria mliyoipitisha wenyewe bungeni?"

Dorah ndiye aliyetangulia. "Haya, mimi sina siri ila saizi ya gauni." Alifungua zipu. Zikatoka kanga, sufuria, viatu vya wajukuu, Fridah anaandika. Kisha kikatoka kitu kilichofungwa gazetini.

"Na hiki, Mheshimiwa?"

"Hicho... hicho kiache, mwanangu."

"Lazima kiandikwe."

Gazeti likafunguliwa. Alikuwa mwewe wa dhahabu bandia, mkubwa kama jogoo, macho ya kioo chekundu, mabawa nusu wazi, amesimama juu ya jiwe jeusi kama anayetaka kudai kitu.

"Zawadi ya gavana," alisema Dorah, akitazama sakafu. "Nilitaka nimshtukize."

Mjumbe aliyekuwa pembeni alikohoa kwa nguvu. Begi lake lilipofunguliwa, akatoka mwewe. Likafunguliwa la tatu, na la nne. Kwa mwewe wa nne hakuna aliyecheka, kila mtu alikuwa anamwangalia mwenzake kama aliyechungulia ndoto yake. Kwa mwewe wa tano Dorah alishindwa, akaanguka kitandani anashika mbavu. Mpaka begi la mwenyekiti linafunguliwa, mwewe saba walikuwa wamepangwa ukutani, wote wanatazama upande mmoja, macho mekundu kumi na manne, na wote wanakwenda kwa gavana mmoja.

Kichwa cha Sikujua kilitokeza juu ya ubao. "Yarabi! Kwetu Tanga mwewe mmoja akitua uani tunatoka na mafagio. Nyie mmeenda kuwalipia?"

"Nahitaji bei," alisema Fridah, uso mkavu kama karatasi. "Risiti mnazo, najua. Lazima mrudishe hesabu za masurufu."

Risiti zikatoka moja moja, kama meno kwa daktari. Duka lilikuwa lilelile. Bei hazikufanana hata mbili: dirhamu mia tatu na hamsini, mia tano, mia sita na hamsini ya Dorah, mia nane. Ya Samuel ilikuwa mia tisa na hamsini.

"Wangu ni wa dhahabu zaidi," alisema Samuel haraka. "Mwenye duka alinitolea ndani kabisa. Mshikeni, ni mzito."

Fridah alimweka mwewe wa mwenyekiti kwenye mizani. Kilo mbili na gramu mia tatu. Akamweka wa Dorah. Kilo mbili na gramu mia tatu. Akawaweka wote saba, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, na mizani haikuhama hata unywele.

"Ni duka lile la kona, karibu na muuza mazulia?" aliuliza Sikujua. "Arbab, bosi wangu, nilimchukulia huyo huyo kwa mia na ishirini. Na nilinuna njia nzima nikiona nimeibiwa."

Mtu mmoja tu hakucheka. Samuel aliinuka kutoka kwenye ndoo, khanga imemng'ang'ania suruali kwa nyuma, akamkwapua mwewe wake akamtia kwapani.

"Umetuita tuje kudhalilika kwenye... kwenye kabati hili? Mimi nitasafirisha mzigo wangu mwenyewe. Na Jumanne, Madam, tutaonana. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti."

Akatoka. Walimsikia akishuka ngazi za ghorofa zote tatu, na mabawa ya mwewe yakigonga ukuta kila kona. Nick alimtazama mkewe kwa macho ya mtu aliyeona tiketi ya bahati nasibu inapeperuka.

"Umemaliza kila kitu, Fridah."

"Hajamaliza," alisema Dorah, akijifuta machozi ya kicheko. Alishajifunga mtandio na kumkusanya mwewe wake. "Sikujua, vaa viatu. Yalla, twende! Huyu mwenye duka leo atanitambua mimi ni muuza viazi wa wapi."

Walikwenda wote, wajumbe sita na Sikujua mbele. Sikujua aliusema ule mkasa kwa Kihindi cha jikoni na Kiarabu cha sokoni, kwa sauti, mbele ya watalii, mwewe sita wamepangwa kaunta na risiti sita chini yao. Mwenye duka aliomba wapunguze kelele. Sikujua akaongeza. Mwisho pesa zote zilirejeshwa, mwewe watano wakarudi rafuni, mmoja akauzwa upya kwa mia na ishirini, zawadi ya pamoja ya gavana, na wajumbe sita wakachangia ishirini kila mtu. Mzigo wao ukaondoka kwa karatasi moja, Fridah ameuandika mpaka sindano.

Bahasha hakutoa. Ripoti ya bwawa aliiandika. Ilikuwa na ukurasa mmoja, na sentensi ya kwanza ilisema kamati ilikaa Hatta dakika kumi na mbili.

Jumanne ukumbi wa bunge la kaunti ulijaa mpaka madirishani. Fridah alikuwa amesafiri kwa tiketi ya kwenda tu, amevaa suti aliyoazimwa na dada yake, fupi kidogo mikononi. Huko Dubai, Nick alikuwa zamu, mlangoni pa duka la viatu, simu ameificha ndani ya kofia aliyoishika kifuani, waya mmoja sikioni, akisikiliza mahojiano moja kwa moja. Kosa hilo lilikuwa la kufukuzwa kazi.

Samuel alianza taratibu, kama mtu anayenoa kisu mbele ya kuku.

"Madam, umewahi kusimamia bajeti ya shilingi bilioni nane?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Ya bilioni moja?"

"Hapana."

"Kamati ilibahatika kufika kwako. Je, ni kweli unaishi kwenye nusu chumba, umetenganishwa na jirani kwa ubao?"

Minong'ono ikapita ukumbini. Fridah alihisi masikio yake yanawaka.

"Ni kweli."

"Sasa nieleze, na wananchi hawa wasikie. Mtu aliyeshindwa kujipatia mlango wake mwenyewe, atatunzaje hazina ya kaunti?"

Kulikuwa na maji mezani. Fridah hakuyagusa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwenye nusu chumba kile nimelipa kodi kila tarehe moja kwa miaka mitano, sijachelewa hata siku moja. Kaunti hii haijawalipa wauguzi miezi mitatu. Na ina milango mingi sana."

Wauguzi walikuwa nyuma, wamekuja na sare zao. Walipiga makofi mpaka kipaza sauti cha ukutani kikakoroma. Samuel alipiga meza.

"Utaratibu! Utaratibu! Mimi binafsi sijaridhika. Kama hakuna mjumbe mwenye swali, nitapendekeza jina hili..."

"Nina neno, Mheshimiwa Mwenyekiti." Dorah alikuwa amesimama. Fridah alifumba macho.

"Mimi nina ungamo," alisema Dorah. "Wananchi wangu, nilikwenda Dubai kwa pesa zenu. Huko nikanunua mwewe wa kumpelekea gavana, kwa siri, nionekane mimi tu. Shilingi za kwetu ni kama elfu kumi na nane."

Ukumbi ulilipuka. "Mwewe? Mwewe wa nini? Kuku wetu wamekukosea nini, mama?"

"Ngojeni! Huyu mama alinifungulisha begi mbele ya wenzangu, nikaaibika mpaka nikatamani kuingia ndani ya begi. Lakini alasiri moja tu, mwewe niliyenunua mia sita na hamsini za kule akanigharimu ishirini. Mizigo nayo nikalipa nusu. Mimi sikumpa kitu na yeye hakunipa kitu ila chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na maandazi mawili. Sasa nawauliza, akinifanyia hivyo mimi mtu mmoja kwa alasiri moja, atafanya nini na bilioni nane kwa miaka mitano?"

Alikaa. Mjumbe wa pembeni akainua mkono, taratibu, kama mtoto aliyevunja chungu. "Na mimi nilinunua mwewe."

"Na mimi."

"Mimi mia nane."

Waliinuka mmoja mmoja mpaka wakawa sita, na kila mmoja alipotaja bei yake watu walizidi kugonga viti. Kisha kutoka dirishani mtu akapaza sauti: "Na mwenyekiti je? Bei ya mwenyekiti!" Ukumbi mzima ukaidaka. Bei ya mwenyekiti! Bei ya mwenyekiti! Wauguzi ndio waliotoa mpigo.

Samuel aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Alilegeza tai.

"Mia tisa na hamsini," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja umri wa mama mkwe wake akiwepo.

Paa nusura liruke. Na katikati ya kelele hizo jambo likatokea ambalo hata Fridah hakulitarajia. Mdomo wa Samuel ulianza kutetemeka, akajaribu kuuzuia kwa kiganja, akashindwa, akacheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Na uzito wa ziada nikalipa uwanja wa ndege," aliongeza akihema, "kwa sababu ya kiburi. Haya. Wanaounga mkono?"

Mikono saba.

Mlangoni pa duka la viatu, maelfu ya kilomita kutoka hapo, mlinzi mmoja alirusha kofia yake juu, simu ikaruka nayo, akapiga kelele kwa Kiswahili katikati ya wanunuzi: "Mke wangu! Huyo ni mke wangu!" Msimamizi alikuja mbio. Alipoelezwa, aliiokota kofia, akaipangusa kwa mkono wa shati lake. "Mabruk, hongera," alisema. "Lakini kaa zamu yako mpaka saa mbili."

Basi Fridah akawa waziri wa fedha. Wauguzi walilipwa kabla ya Krismasi. Nick alirudi nyumbani mwaka uliofuata. Bajeti ya kwanza mama aliibandika ukutani sokoni, kurasa zote, na kalamu imefungwa kwa uzi kwa anayetaka kuuliza. Alipopewa gari la wizara aliuliza linakunywa lita ngapi, akalirudisha. Na kufikia bajeti ya pili benki mbili kubwa za Nairobi zilikwenda kwake na kofia mkononi, kumkopa yeye. Akajenga bwawa refu kuliko la Hatta, na mimi mwenyewe siku ile ya mizani nilikuwapo chumbani, nimeshika upande wa...

"Khalas, basi!" Sikujua aligonga kaunta kwa upawa.

Ndivyo nilivyokuwa nikiwasimulia wateja wa mkahawa wake, siku moja ya mwaka elfu mbili na kumi na tisa, na nilikuwa nimefika pazuri.

"Mzee Aboud, nimevumilia tangu chai ya kwanza. Ulikuwapo chumbani wewe?"

"Kwa namna fulani."

"Namna gani? Sasa hivi tutajua." Akatoa simu akapiga kwa ile programu ya kulipia, maana ya bure huku imefungwa. Akaonekana Fridah, kitambulisho shingoni, nyuma yake mafaili mpaka dari.

"Mheshimiwa shoga, samahani kukutoa kazini. Huyu mzee anasema benki zinakukopa."

"Zinikope mimi?" Fridah alicheka. "Zinatudai. Tumepunguza nusu, tunashukuru."

"Na bwawa refu kuliko la Hatta?"

"Bwawa lipi? Tumechimba visima kumi na kimoja. Kimoja kimekauka."

"Na yeye kuwapo siku ya mizani?"

"Mzee Aboud? Si alikuwa Muscat kwa binti yake mwezi ule wote? Mimi ndiye niliyemsimulia, na Nick anashuhudia."

Mkahawa mzima ulinigeukia. Nikaomba iandikwe kwamba mwewe walikuwa saba kweli.

"Saba walikuwa saba," alikubali Fridah. "Lakini umekamatwa ukidanganya mara tatu, Mzee wangu, na mimi ni waziri wa fedha. Natoza. Kila aliyekusikiliza anyweshwe chai, kwa gharama yako. Wanaounga mkono hapo?"

Hata mpishi wa chapati alinyoosha mkono, na unga wake.

"Mbona watu wenyewe ni tisa tu," nilisema, nikitoa sarafu.

"Sikujua, geuza simu niwaone." Simu ikazungushwa taratibu, meza kwa meza, mpaka kona. "Kumi na wawili, Mzee Aboud. Na chukua risiti."

Nikaongeza sarafu tatu.